Tulivyokwenda Aija Kutaka Ruhusa ya Ami Seif

Mpwa wangu Rayya alipoitwa Ulaya kujaribiwa kuendesha boti za mashindano, mama yake, ambaye ni dada yangu, alimjibu kwa ufupi: "Ami Seif akikubali, nami nimekubali." Alijua anachosema. Ami Seif, mdogo wa marehemu baba yetu, ndiye pekee katika ukoo aliyewahi kuziendesha boti hizo, na tangu tuhame Mwanza kuja Oman hakuna aliyemsikia akizitaja. Basi Jumamosi moja mimi na Rayya tukatoka Nizwa kwenda Sur.

Nizwa, asubuhi. Nilipita sokoni kuchukua tende na halwa, kwani kwa Ami huendi mikono mitupu. Rayya, ambaye ni mhandisi wa mashine, alishika usukani. Kwenye barabara ya Sinaw, milima ikibaki nyuma, akanieleza boti zenyewe. Boti ya kawaida hulima maji. Hii imeundwa iyakimbie. Ubavuni ina miguu miwili, na ikishika kasi hugusa maji kwa ncha za miguu hiyo na nusu ya pangaboi tu. Walioziunda waliziita haidropleni. Kadiri mashine zilivyoongezwa nguvu, ndivyo upepo ulivyozidi kuingia chini ya pua na kuzipindua kinyumenyume. Zamani dereva alikaa wazi, bila mkanda, akiomba arushwe mbali na boti. Wengi walirushwa wasiinuke tena. Siku hizi hufungwa ndani ya kifuniko kama cha ndege ya vita, na hewa yake ya kupumulia.

"Kwa hiyo siku hizi hawafi?" nikamuuliza.

"Wanakufa, Mjomba. Lakini si kama zamani."

Sikupenda alivyolisema kwa wepesi.

Ibra tulisimama kunywa chai ya maziwa. Pale, na kikombe mkononi, Mwanza ikanijia yote. Nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya mawe ya ziwani na binamu zangu, tunakula sato wa kukaanga, na mashine ya Ami tukiisikia kabla ya kuiona, inalia kama kitambaa kinachochanwa. Kisha ikaja siku ambayo hatukupelekwa tena ziwani, na sisi watoto hatukuambiwa kwa nini.

Baada ya mchanga wa Bidiya na miti ya Al Kamil, tuliingia Sur adhuhuri, tukavuka daraja mpaka Aija, mtaa anakokaa Ami. Ami alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, wanangu. Ingieni, wali unapoa."

Rayya akambusu kichwani. Tulipokwisha kula akamweleza shida yake, bila kuzunguka. Ami akawa anazikusanya punje za wali kwenye mkeka.

"Masudi alikuwa sahibu yangu," akasema mwishowe. "Wazungu wa biashara ya pamba walipoondoka Mwanza waliacha boti mbili klabuni kwao. Tukazifufua sisi, yeye yake, mimi yangu. Siku hiyo kulikuwa na upepo kidogo tu. Nilimwona pua ya boti inanyanyuka, nikadhani anacheza. Akarushwa juu. Wallahi, Rayya, kwa mwendo ule maji si maji, ni saruji. Nilimtoa mwenyewe."

"Sasa hivi tunafungwa mikanda, Babu."

"Ndiyo. Na ikipinduka, nani atakufungua?"

Hakungoja jibu. Alinyanyuka, akachukua kiti cha chuma cha barazani na mikanda ya kufungia mizigo, akatuongoza hadi ghubani, mahali maji yanapofika kiunoni. Akamfunga Rayya yeye mwenyewe, kifua na mapaja, akamfumba macho kwa leso. Mimi nikashika upande mmoja wa kiti, yeye wa pili, tukakipindua.

Mara ya kwanza tulimtoa sisi, akikohoa.

"Mikanda hii iko ngumu sana!" akalalamika, kwa Kiswahili chake cha Oman.

"Tena," akasema Ami.

Mara ya pili alitapatapa, tukamtoa tena. Nikasema, "Ami, khalas, basi, tumeona." Akakishika kiti tena. Mara ya tatu kiti kilitulia chini ya maji, kimya. Kisha Rayya akaibuka mbali nasi, leso shingoni, anacheka.

Ami akaniomba simu, akampigia dada yangu.

"Mwache aende. Lakini mimi sitamtazama. Akishateremka salama mnipigie, ndipo nitakula."

Tulilala Aija. Alfajiri, nikimsaidia kutia maji kwenye birika, Ami aliniambia kwa sauti ndogo: "Unajua, boti ikiruka, pale juu ya maji, kabla haijageuka kuwa balaa, husikii mashine. Husikii kitu. Sijapata raha kama ile tena mpaka leo."

Njia nzima ya kurudi nililifikiria neno hilo. Nilikuwa nikidhani Ami alinyamaza miaka yote kwa ajili ya msiba. Kumbe alinyamaza kwa kuwa bado anaitamani boti, na hakuwa na wa kumwambia kwamba anatamani kitu kilichomuua Masudi. Mtu aweza kuyabeba yote mawili, na yasipunguziane uzito.

Karibu na Izki Rayya akaniuliza ziwa letu likoje. Nikaanza na mawe. Tulipofika Nizwa tulibaki garini mlangoni kwa dada, mashine imezimwa, nami sijamaliza.