Mabibo ya Udongo

Nilipokuwa nimekaa eda, binti yangu aliniletea kutoka Lindi udongo mweupe wa kufinyangia mapambo, ule unaokauka wenyewe bila kuchomwa. Niliupokea kwa hamu, kwa sababu kila nilipokaa bure nilimsikia marehemu mume wangu akikohoa uani.

Nikaanza kufinyanga bibo na korosho yake, la kuweka kabatini, maana mume wangu alikuwa mtu wa mikorosho. Wifi yangu, dada yake mkubwa, akaingia akanikuta.

"Eda na mapambo, wifi, wapi na wapi?"

"Silivai, wifi. Ni la kabati."

"Na watu wakiliona?"

"Waambie ni bibo."

Hakucheka. Niliogopa atanikataza, na kwa umri wake nisingeweza kumbishia. Ningerudi kukaa na kile kikohozi. Alilichukua lile bibo, akaligeuzageuza kiganjani.

"Hili ni la shamba la jirani," alisema. "Ya kaka hayakuwa manene hivi. Yalikuwa marefu."

Akaketi mkekani, akamega udongo, akaanza kufinyanga la kwake. Tangu mazishi alikuwa akipika na kupokea wageni, na sikuwa nimemwona akilia. Sasa machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na udongo. Nilimsogezea uliobaki.

Alipomaliza la pili aliniuliza binti yangu atakuja tena lini, maana udongo ulikuwa unakaribia kwisha.