Ua la Leo na Ua la Jana

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo kifua kinajaa. Sijui kama nitaisimulia sawasawa, maana shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo ya zamani yana tabia ya kujiremba yenyewe. Wewe sikiliza tu, utachuja.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Huku kwetu Bariadi, wanunuzi binafsi wa pamba waligombea magunia kama kunguru, pamba safi na pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini, zikishindiliwa pamoja, hakuna anayetazama. Wazee wanasema chema chajiuza, lakini miaka ile hata kibaya kilijiuza.

Kijijini kwetu alikaa Mjapani mmoja, Mama Haruko, mumewe akichimba visima. Mimi nilimsaidia kazi za nyumbani. Jioni alichora mimea, jani kwa jani, kwa brashi nyembamba kama unyoya wa kifaranga. Karatasi zake zilitoka kwao, zimetengenezwa kwa mkono kutokana na ganda la mti. Ukiinua moja kwenye mwanga unaona nyuzi. Nilishangaa: sisi ganda la mti tunachuna kamba ya kufungia kuni, wenzetu wanapata karatasi! Ila ilikunywa rangi kama ardhi ya kiangazi inavyokunywa mvua. Ukigusa umegusa, hakuna kufuta.

Alinifundisha. Alikuwa mkali, nisimpambe, lakini hakuninyima kitu. Alipokaribia kurudi kwao, akaniambia imebaki karatasi moja. Nichore mmea wa kwetu. Mchoro ukiwa mzuri ataupeleka kwenye maonyesho Mwanza pamoja na ya kwake, na jina langu chini. Jina langu mimi, Minza!

Nikachagua pamba. Nikajaribu kwanza kwenye karatasi ya daftari, nikampelekea.

"Minza, ua hili umeliona wapi?"

"Mama, mimi nimezaliwa pambani!"

"Sikuuliza umezaliwa wapi."

Nilikuwa nimechora ua jeupe pe. Pamba si nyeupe? Iliniuma, mwanangu, lakini mgeni njoo mwenyeji apone. Kesho yake alfajiri nikaingia shambani na ile karatasi moja. Kumbe ua la pamba likifunguka asubuhi lina unjano hafifu, kama maziwa yenye siagi! Miaka yote nilitazama pamba iliyopasuka tu, ile ya kuchuma. Ua nililipita kama jirani nisiyemsalimia.

Nikachora polepole. Kaka yangu Shija, aliyekuwa akipalilia, akacheka hadi akaegemea jembe.

"Jamani, njooni muone! Pamba inapimwa, Minza, haichorwi!"

"Palilia, acha kelele."

"Napalilia na mistari yako, msanii!"

Kweli alipalilia mistari yangu, tena wiki nzima. Nisimdhulumu kwa kusimulia kicheko chake peke yake.

Jua lilipokuwa kali nikaacha, ua likiwa nusu. Nikafunga uzi kwenye tawi nisilipoteze. Asubuhi ya pili narudi, uzi upo, tawi ni lilelile, ua limegeuka rangi ya waridi! Karatasi ndiyo hiyo moja, nusu ya ua ni njano, na njano yenyewe haipo tena. Nikaona jina langu linafutika Mwanza kabla halijaandikwa. Nikamkimbilia baba, nikamwamkia haraka.

"Mwangaluka, baba. Ua langu limeharibika."

Akaja, akainama, akacheka kwa upole. "Halijaharibika, mayu, mama yangu. Hili ni ua la jana. La leo hili hapa juu yake. Pamba ndivyo ilivyo, leo njano, kesho waridi, kisha linaanguka linaacha tumba la kupasukia pamba."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Na mimi nilikuambia chuma tu, sikukuambia tazama. Tugawane kosa."

Basi nikamalizia njano kwa ua la leo, na chini yake, tawi lilelile, nikaweka la jana na waridi lake. Mama Haruko aliipokea kwa mikono miwili. Aliinama, kama wanavyoinamiana wao, akaniinamia mimi.

Mwanza tulikwenda na baba. Picha ilikuwa ukutani, na jina chini. Watu wa mjini wakabishana, wakidhani ni mimea miwili. Baba akavua kofia, akajipenyeza katikati yao. "Hapana, ni mmoja. Hili la leo, hili la jana. Amechora binti yangu, huyu hapa." Alirudia kwa kila aliyeingia, mpaka sauti ikamkauka. Sijavaa nguo iliyonipendeza kama sauti ile.

Mwanangu, sikudai uwe mchoraji. Nakuomba kitu kidogo: kile kinacholisha nyumba yenu, kitazame chote, si siku ya kukichuma tu. Kuzaliwa nacho si kukijua. Ukikuta kimebadilika mkononi mwako, usikitupe. Uliza, kisha ukipe nafasi kama kilivyo. Na siku mwanao atakapofanya vizuri, vua kofia useme mbele za watu.

Mungu akupe macho yasiyochoka na mkono mtulivu, na akujalie wa kukutaja kwa fahari ungali unasikia.