Mkaa wa Pumba za Ubaruku

Mikono ya fundi wa maabara ya chuo, kule Iringa, haitakati tena. Huchoma pumba za mpunga kutoka Ubaruku ndani ya kopo lililofunikwa mpaka ziwe mkaa, huuosha mkaa huo kwa magadi, huusaga laini kama wanja, kisha huupaka kwenye vipande vya foili apate elektrodi za kutunza umeme. Weusi umemwingia hata kwenye mistari ya viganja, ndiyo maana Jumapili, kanisani Kihesa, hupokea komunyo mdomoni, mikono kaificha nyuma. Kila akimaliza elektrodi mpya huzichaji, huziunga na taa ndogo, halafu husali Salamu Maria kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo saa yake ya kupimia umeme unakaa muda gani. Taa haijawahi kufika Amina.

Faustina, Mama Clement, anayefanya usafi pale, ameizoea sala hiyo, na siku hizi anaona fundi anaiharakisha. Leo mradi wa elektrodi unafungwa, na meza yake wamepewa wengine. Fundi aliiunga taa mara ya mwisho, akaisali sala mbiombio, maneno yakikanyagana, macho kayafumba. Taa ilizima katikati. Faustina akaganda na fagio lake mkononi. Fundi alifika Amina, akabaki vilevile, hakufumbua macho.

“Mama Clement,” akauliza taratibu, “bado inawaka?”

“Imeshazima, baba,” Faustina akamjibu. “Sasa sali polepole.”