Mama Rejeta na Volkano Mbili

Gari likianza kufuka mvuke puani, watu wa mtaa ule wana jibu moja tu: lipeleke kwa Mama Rejeta. Miaka kumi na tisa mwanamke huyu anaziba rejeta zinazovuja. Nyusi ya kushoto iliungua zamani, ikagoma kuota. Hasira zake nazo ziko jirani sana, kama kiberiti mfukoni.

Shule aliachia darasa la saba. Mwaka huu akajitosa masomo ya jioni, maana chuo cha ufundi kinamtaka awe mwalimu wa kulehemu, ila bila cheti cha kidato cha nne hapati kitu.

Kilichomkalia kooni ni volkano. Majaribio mawili, yote kachanganya aina zake mbili. Siku orodha ya mtihani inafungwa, mwalimu wa jiografia akaibuka kibandani, rejeta kwapani.

"Mama, hii inavuja. Na jina lako sijaliandika."

"Kisa?"

"Unakariri kitabu nusu nusu. Nikikupeleka hivyo, unaanguka."

Wifi yake, aliyekuwa anasugua rejeta kwa brashi ya waya, akacheka. "Mfute tu, mwalimu. Huyu hata chai inamshinda kuchemsha."

"Wifi, funga mdomo kabla sijakulehemu." Akamgeukia mwalimu. "Kaa hapo. Niulize sasa hivi."

"Haya. Volkano za katikati ya bahari, zile zilizopanga foleni."

Mama Rejeta akabana bomba la gesi kwenye jiliwa, akawasha, akashika kipande cha bati kwa koleo. Akakipitisha juu ya moto polepole: akisimama, akisogea, akisimama. Bati likatoka na madoa meusi, yamefuatana.

"Moto uko chini, hauhami. Linalohama ni bamba la dunia. Kila doa ni mlima. Huu wa mwisho unawaka, ile ya nyuma imeshapoa kwa sababu imeuacha moto."

Mwalimu akakohoa kidogo. "Na zile za pembezoni mwa bara?"

"Mabamba mawili yanagongana, la bahari linazama chini ya mwenzake. Likifika huko kwenye joto, linayeyuka."

"Hapo ndipo unapoangukia. Lile linazama likiwa baridi. Kinachoyeyuka hasa ni mwamba wa juu yake, na joto la pale peke yake halitoshi."

"Sasa unayeyukaje?" Sauti ilipanda, koleo likatua mezani kwa kishindo. Wifi mtu akaacha kusugua.

Mama Rejeta akakodolea macho sufuria yake ya madini ya risasi, ya kuzibia matundu. Moto ulikuwa mdogo, risasi imekaa tu, ngumu. Akakata vipande vya waya wa kulehemu, ule laini unaoyeyuka upesi, akatupia. Risasi ikaanza kulegea pembeni, ikateleza.

"Moto sijauongeza," akasema taratibu. "Nimeichanganyia kitu. Bamba la bahari limelowa, si ndiyo? Likikamuliwa huko chini, maji yanapanda kwenye mwamba wa juu. Ule mwamba ulikuwa wa moto tayari. Ukipata maji, unakubali kuyeyuka mapema."

Mwalimu akatoa orodha, akaandika jina lake, akampa asaini.

"Kwenye mtihani andika hivyo hivyo."

"Rejeta yako njoo kesho," akasema Mama Rejeta, akizima gesi. "Leo nasoma."