Mguu wa Butoyi na Sahihi Yangu

Siku ile naikumbuka kwa vumbi lake, mwanangu. Barabara ya kuingia Kasulu ilikuwa bado haijaona lami, na gari likipita unasimama pembeni, unafumba macho, unangoja. Mimi na ndugu yangu tulikuwa tumenunua maharage Rungwe Mpya, tunayapeleka sokoni kwa baiskeli.

Tulikuwa mapacha. Kwetu Waha pacha hatafutiwi jina: mimi nilitangulia kutoka, nikawa Bukuru, yeye akafuata, akawa Butoyi. Tulifanana mpaka mama alikuwa akimchapa huyu kwa kosa la yule.

Pikapu ilitokea nyuma, ndani ya vumbi la lori lililokuwa limetupita, ikamkumba Butoyi. Baiskeli iliingia chini ya gari, magunia yakapasuka, na mguu wake wa kushoto ukavunjika chini ya goti, mfupa nje. Pikapu yenyewe ikaishia mtaroni.

Dereva aliitwa Daudi, kijana wa rika letu, gari ni la tajiri mmoja wa mjini. Alishuka, akanishika mkono.

"Kaka, usimwite trafiki. Bima ya gari iliisha zamani, tajiri hataki kukata nyingine. Wakifika hapa mimi nimekwisha. Nisaidie tulitoe, nimkimbize mwenzako hospitali."

Nikaona ana utu, maana wengine wangekimbia. Basi nililisukuma. Kwa mikono hii. Nililiondoa pale ambapo trafiki angekuja kupima na kuchora, nikamfutia alama zake zote, na bado nikamwambia asante.

Hospitalini muuguzi aliuliza imekuwaje. Ajali ya gari ingetaka fomu ya polisi, kwa hiyo Daudi akaniwahi: "Ameanguka na baiskeli." Kisha akanitazama. Nami nikasema, "Ndiyo, ameanguka." Ikaandikwa hivyo.

Siku ya nne wazee wa ukoo wa Daudi walifika nyumbani kwangu na mbuzi na kibuyu cha pombe ya ndizi. Unajua desturi yetu. Mkosaji na mkosewa wakinywa kibuyu kimoja, jambo limezikwa, na anayelifukua ndiye anayeonekana mbaya. Sitaitukana desturi hiyo, imezuia damu nyingi. Lakini inataka anywe aliyeumia, na Butoyi wakati huo alikuwa hawezi hata kugeuka kitandani.

Baba mdogo wake Daudi akacheka. "Ninyi si mapacha? Akinywa mmoja wamekunywa wote. Kunywa bwana, hii ikilala itageuka siki."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikanywa.

Mtendaji wa kijiji alikuwepo. Akatoa karatasi. "Soma kwanza, Bukuru, halafu weka sahihi."

Mwanangu, mimi niliacha shule darasa la pili. Nilijua kuandika jina langu tu, lakini nililiandika vizuri, na mstari chini yake. Wakwe zangu wawili walikuwa wamekaa pale, watu walionipa binti yao wakijua nina akili. Nikaishika karatasi, nikaipitishia macho toka juu mpaka chini, pole pole, nikatikisa kichwa kama mtu anayepima maneno.

"Sawa," nikasema. Nikaandika jina, nikapiga mstari.

Daudi aliwahi kuja hospitali mara mbili, kisha hatukumwona tena. Mguu haukupona. Ulitoa usaha, ukanuka, na mwishoni madaktari wakaukata juu ya goti. Nilipoingia wodini nikilia, Butoyi aliniambia, "Nyamaza. Sasa angalau mama hatatuchanganya."

Baada ya hapo hasira ikanipanda. Nilikwenda polisi, hawakuwa na ajali yoyote ya siku ile, na walikuwa sahihi. Nilikwenda dukani kwa tajiri. Hakugombana nami. Aliuliza tu, "Si mlikunywa?" akanipa nakala ya karatasi yangu, akarudi kupima sukari ya mteja.

Ndipo tukaenda kwa mama mmoja pale Kasulu aliyekuwa akisaidia maskini mambo ya sheria bila malipo. Nilimbeba Butoyi kwenye kerieri ya baiskeli, magongo yake nimeyafunga pembeni. Akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Yule mama alitueleza kwamba bima ikikosekana dai halifi. Aliyeumia anamshtaki dereva na mwenye gari, na fidia itatafutwa kwenye mali zao. Moyo wangu ukapanda. Kisha akaichukua ile karatasi, akaisoma kwa sauti.

Ilisema kwamba mimi Bukuru, kwa niaba ya ndugu yangu aliyeanguka na baiskeli, nimepokea mbuzi na msaada wa matibabu, na kwamba hatutamdai dereva wala mwenye gari jambo lolote, hata kama hali ya mgonjwa itabadilika. Mwanangu, siku hiyo ndiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliisoma kabla ya kusaini?"

"Niliisoma."

Akavua miwani. "Kaka, sikuulizi kwa ubaya. Kama hukuisoma, wala hukusomewa, tuna pa kuanzia. Naweza kwenda nayo mbele ya hakimu. Kwa hiyo nauliza tena. Uliisoma?"

Alinifungulia mlango wazi kabisa. Chumba kilikuwa kidogo, na vijana wawili waliokuwa wakingoja zamu yao walikuwa wakisikiliza. Nikaona aibu imesimama mbele yangu kama mtu.

"Mama, mimi si mjinga," nikasema. "Niliisoma."

Nilimtazama Butoyi. Alikuwa anajua. Tuliacha shule siku moja. Aliinamisha kichwa.

Njiani nilisimamisha baiskeli, nikamuuliza kwa nini hakunisemea.

"Niseme mbele za watu kwamba mkubwa wangu hajui kusoma?" akanijibu. "Nina kipi kingine, Bukuru? Wewe ndiye miguu yangu sasa. Nikikuvunja wewe nitatembelea nini?"

Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa. Aliishi akishona viatu sokoni, mke wake akaondoka, akamlea binti yao pale pale penye vipande vya ngozi. Mimi nilihamia Kibondo, nikafanikiwa. Nina mashine mbili za kusaga na nyumba za kupangisha, na hakuna aliyenipa hata tofali. Najivunia, sifichi. Lakini mguu ule sikuweza kuununua, na fidia yake niliikataa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kusoma nilifundishwa uzeeni na binti yake Butoyi. Karatasi ninayo. Siku nilipoweza kuifikisha mwisho bila msaada, nilitaka kumwendea Butoyi mwenyewe nimwambie. Alikuwa kaburini mwaka wa pili.

Basi wewe unayeendesha bodaboda Gwarama, wewe unayepakia mizigo ya kambi ya Nduta, nisikilize. Gari likikugonga, liache pale pale mpaka trafiki afike, hata dereva akilia. Mtoe mtu, gari libaki. Piga picha namba yake, una simu. Hospitalini sema ukweli. Ukiambiwa bima hakuna, usidhani haki imekwisha, nenda kwa wanaojua sheria mapema. Usinywe pombe ya suluhu kwa ajili ya mtu aliye kitandani. Ngoja asimame, aamue kwa kinywa chake. Na ukipewa karatasi usiyoielewa, sema maneno mawili ambayo mimi yalinishinda: sijui, nisomee. Yanachoma kidogo, halafu yanapita. Yangu hayajapita.

Mungu akupe barabara tulivu na madereva wanaomcha. Akupe ulimi usioona haya kuuliza. Na kama una ndugu wa tumbo moja, azeeke nawe, nyote wawili mkitembea.