Alama Nyekundu ya Barabara ya Kiwandani

"Shemeji, mnaweka alama kwenye ramani halafu mnazisahau kama nguo kwenye kamba! Moto wa juzi umeshazimwa, barabara bado nyekundu. Magari yangu yanazunguka bure!"

"Ungeuliza, Pilipili. Mdomo si unao?"

"Ramani imewekwa ili tusiulizane!"

Pilipili akakata simu. Yeye ndiye aliyeongoza magari ya wagonjwa kwa redio, akiwa ofisini. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikaa ofisi ya zimamoto. Tangu waunganishwe kwa ramani moja ya kompyuta, kila upande uliweza kuweka alama nyekundu za kufunga barabara na kufuta za mwenzake, na ugomvi haukukauka.

Mchana, mvua ikiwa imepiga, gari likatoka na mama mjamzito anayevuja damu. Pilipili akatupa jicho kwenye ramani. Nyekundu bado ipo, palepale! Akasonya, akaifuta. Dereva alipoona njia nyeupe kwenye ramani ya garini, akakata kona kuingia Barabara ya Kiwandani.

Simu ikalia. "Nani kafuta alama yangu?" Shemeji hakuwa na utani. "Ile ya juzi niliitoa asubuhi, uliponifokea. Hii mpya! Waya wa umeme umeanguka, na barabara imejaa maji!"

Pilipili akanyakua redio. "Dereva, simama! Simama!" Redio ikakoroma tu. Kwenye ramani nukta ya bluu ilizidi kusogea, na ndani yake mna dereva, nesi, mama na mtoto wake tumboni.

"Shemeji, watu wako wapo pale?"

"Ndiyo kwanza wanafika. Usikate."

Nukta ikasogea. Ikasogea tena. Ikasimama.

Imezuiwa, au ndiyo imefika kwenye maji? Pilipili akang'ang'ania ukingo wa meza.

"Wamemzuia," shemeji akasema, akihema. "Mtu wangu karuka mbele ya gari akipunga koti. Dereva kamtukana matusi ya nguoni, lakini anageuza."

Pilipili akairudisha alama. Hakukaa kitini mpaka wodi ya wazazi ilipopiga: mama yu hai, na mtoto analia kushinda king'ora.

Ndipo akampigia shemeji. "Nina deni lako."

"Deni gani?"

"Samahani. Nilifuta bila kuuliza."

Tangu shemeji amuoe mdogo mtu, hakuwahi kulisikia neno hilo kwa Pilipili.

"Limelipwa," akasema. "Ila rudia taratibu, niweke spika. Wenzangu hawataamini."

"Usinichokoze wewe!"

Lakini akarudia, taratibu.