Jenereta Mbili, Dumu Moja

Mimi hununua jenereta mbovu, huzitengeneza na kuziuza, na muuzaji akiniona hujuta kabla sijamsalimia. Mke wangu alipopata bibi harusi wa kwanza saluni kwake, nilimpelekea mbili.

“Kila moja hugoma mara moja katika kumi,” nilimweleza. “Ukizidisha, zote kugoma pamoja ni mara moja katika mia. Wewe kaa kwa raha zako.”

Umeme ukakatika bibi harusi akiwa na nywele mbichi. Jenereta ya kwanza ikakohoa, ikazimika. Ya pili nayo vilevile.

“Mume wangu, petroli uliitoa wapi?”

“Kwa mchuuzi wa barabarani, dumu moja. Nilimkaba bei mpaka akanihurumia.”

“Alikuuzia maji. Sasa ulizidisha nini, na zote zimekunywa dumu hilohilo?”

Ni kweli, huzidishwa mambo yasiyotegemeana.

“Shemeji,” bibi harusi akaniita kutoka ndani ya taulo, “naolewa saa tisa.”

Nikamwaga matangi, nikakimbilia kituo cha mafuta, nikalipa bei ya kwenye bango bila kufungua mdomo. Jenereta zikawaka, nywele zikakauka, na mke wangu akanipiga marufuku kugusa hesabu za saluni.